Masanja na Picha Yetu ya Mahindi na Maharage

Mpendwa Masanja, mshirika wangu wa karatasi na rula,

Sijui maneno haya yatakukuta wapi. Barua mbili nilizotuma Usangu zilirudi. Mtu wa posta aliandika juu ya bahasha kwamba familia yenu imehama na ng'ombe. Basi nimeona nikuandikie gazetini.

Unakumbuka ilivyoanza? Kidato cha tatu, Mbeya, baridi ile ya Juni ya kumfanya mtu anawe uso tu na kusema ameoga. Mwalimu wa hesabu alituletea habari za kompyuta, mashine ambayo hakuna aliyewahi kuiona, yeye mwenyewe akiwemo. Alisema haina akili, inatii amri tu, na kwamba huko Ulaya watu wanaiandikia amri nayo inawachorea picha. Darasa likacheka. Wewe ukanigeukia ukasema, "Kama kazi yenyewe ni kutii tu, hata sisi tunaweza." Nikajua nimepata mtu.

Tukawa mashine. Mimi mtoto wa mjini, wa Mlandege, nilitunga amri, wewe mtoto wa wafugaji ulipaka. Tulihitaji kitu cha kuamua kwa bahati, na dadu pale shuleni zilikuwa marufuku kwa kuwa ni kamari. Ni wewe uliyekodolea macho sahani ya kande ukasema dadu zetu ndizo hizo. Kila mchana kila mmoja alichota kijiko kimoja cha kande yake na kuandika punje kumi za kwanza. Hindi, paka mraba mweusi. Harage, uache mweupe. Mahindi matatu yakifuatana, la tatu lipakwe jekundu. Mkaa tuliuomba jikoni, na udongo mwekundu uliuchimba mwenyewe nyuma ya bweni. Upande wa kushoto wa karatasi ulikuwa wa sahani yangu, wa kulia wa kwako. Kubuni hakukuruhusiwa, hata picha ingetokea mbaya kiasi gani. Niliipenda picha ile, Masanja. Ilitushangaza sisi wenyewe tulioitengeneza.

Kisha nikaugua malaria, nikalazwa chumba cha wagonjwa wiki tatu. Uliniletea chakula kila mchana, ukachukua kikaratasi changu cha hesabu ya punje, ukanisimamia mpaka nimalize, ndipo ukarudi bwaloni kula chako. "Kula, Mhehe," ulikuwa ukisema. "Ukifa nani atatunga amri?"

Nilipotoka nikaikuta picha imegawanyika. Upande wangu miraba myeupe ilikuwa imejaa tele. Wako ulikuwa mweusi na mwekundu mtupu. Chungu kimoja, upawa mmoja, iweje? Nikapandwa na hasira. Niliamini umenogewa na udongo wako ukaanza kubuni. Sikukuuliza pembeni kama rafiki. Siku ya kuonyesha kazi yetu nilisimama mbele ya darasa nikasema, "Kuanzia hapa ni uongo. Masanja amedanganya." Nikaikata sehemu ya chini kwa wembe. Ulikiokota kile kipande, ukakikunja, ukakitia mfukoni. Ulisema neno moja tu, "Sijabuni." Hadi tunamaliza shule tulikaa dawati moja tukiombana wino kwa adabu, kama watu wa ofisini.

Mwezi uliopita nilishuka basi Ipogolo, nikasikia mtu ananiita mgonjwa. Alikuwa mama mpishi wetu wa shule, sasa anauza chai na maandazi pale. Alinikagua toka kichwani hadi miguuni, akaridhika.

"Ugonile, mwanangu," alinisalimu kwa kilugha chake. "Kumbe yale maharage yalifanya kazi."

Nikauliza maharage gani. Akashangaa.

"Ya yule kijana wa Usangu. Kila mchana anasimama dirishani, 'Mama, niondolee maharage yangu umwekee yule mgonjwa.' Namwambia, na wewe utakula nini? Anasema, 'Usimwambie, mama. Akijua hatakula.'"

Chai yangu ilipoa sijaigusa. Nimefundisha hesabu miaka minne huko Igowole, na hesabu nyepesi kuliko zote ilinishinda. Maharage ya upande wangu yaliongezeka kwa sababu ya upande wako yalipungua. Mashine yetu ilifanya kazi yake sawasawa, ikaandika kila ulichonipa, nami nikakisoma nikaona udanganyifu.

Nina hasira nawe kidogo, nikiri. Kwa nini hukusema? Lakini nikijiweka mahali pako naelewa. Ungesimamaje mbele ya vijana wale wote utangaze kwamba ulikuwa unanilisha? Ungenitia aibu mimi, ukaona heri ibaki kwako. Sijapata rafiki mwingine wa namna hiyo, wala sidhani nitampata. Nakupenda, Masanja, na nimechelewa kusema.

Ningeweza kuendelea kukutafuta kwa bahasha iliyofungwa, nikuombe radhi tukiwa wawili. Huo ungekuwa ujanja, maana nilikutuhumu hadharani. Wenzetu waliosikia siku ile wametawanyika, Tukuyu, Njombe, Dar es Salaam, na baadhi yao husoma gazeti hili. Basi wasome. Masanja hakubuni hata mraba mmoja. Aliyesema uongo mbele ya darasa ni mimi.

Popote mlipo na ng'ombe wenu, nawaombea majani na maji.

Mwenzako wa dawati,
Mhehe