Miche Iliyooza Ndani ya Chupa

Igamba, Mbozi,
Songwe.
14 Juni 2025

Mpendwa Recho, mwanangu,

Hujambo, mama? Baridi ya huko Afrika Kusini imekuachia hata kidogo? Huku asubuhi tunaota moto mpaka tunakaribia kuunguza kanga, lakini wazima, tunamshukuru Mungu. Na unakula? Sauti yako kwenye simu ilikuwa ya mtu asiyekula.

Tangu uliponiambia miche yako ya zabibu imeoza yote kwenye chupa za maabara, mimi shangazi yako sijatulia. Umeihangaikia miaka yote hiyo, ukaitia chembe za urithi ili ugonjwa usiiguse, halafu ikaoza! Nililia, mwanangu. Nililia huku nachuma kahawa, jirani yetu Tumpale akadhani nimeng'atwa na siafu.

Ukasema unataka kuacha masomo, ila hujui utamtazamaje baba yako. Ni kweli, kaka yangu amejisifu mpaka Tunduma kwamba binti yake anatafutia mizabibu kinga. Juzi mama Enesi wa kwaya kauliza kama mnabadilisha kazi ya Mungu. Baba yako akamdaka, mbona yeye ugonjwa wa chulebuni ukiozesha kahawa yake anapiga dawa? Mama wa watu akarudi upesi kwenye benchi la kwaya.

Lakini baba yako unamjua upande mmoja. Ulikuwa hujazaliwa chulebuni ilipomaliza shamba lake zima. Alijifungia ndani, ugali anaugusa tu anauacha, hataki kuonana na mtu. Alipokuwa tayari aliinuka mwenyewe, akaanza kuotesha upya. Hajakusimulia kwa sababu ni mkaidi, na wewe umemrithi.

Barua hii anakuletea Danford, dereva wa lori. Nimempa na kahawa. Nimeikaanga na kuisaga kabisa, usije ukanigombeza tena kwamba navusha magonjwa mpakani.

Mdogo wako Loisi anakusalimu sana, na Tumpale pia.

Baba yako nilimweleza yote, hata hilo la kumwonea aibu. Akatoka, akazunguka shambani peke yake. Aliporudi akasema nikuandikie hivi: "Mwambie miche ipo, itaoteshwa mingine. Recho ninaye mmoja." Kisha akageuza uso, nami nikajifanya nachochea moto.

Bwana akulinde unapolala na unapoamka, mama.

Ni mimi shangazi yako, nikupendaye kuliko ninavyoweza kuandika,
Jenista