Mikono Yako Bila Hina

Shikamoo, Mama.

Leo nimeitundika picha yako ukumbini, karibu na ile ya Baba, na nakuandikia kwa sababu humu ndani sina wa kumuonesha.

Ile ya Baba unaikumbuka. Mwenzake wa kazini Kiwengwa alimpiga picha kwa simu, ikarushwa WhatsApp mtu hadi mtu, na alipofariki ndiyo pekee tuliyokuwa nayo. Nikaipeleka studio ikuzwe. Ikarudi uso umevurugika, macho madoa matupu. Uliitazama, ukasema, "Huyu siye." Nikaapa kwamba wewe hutanipotea hivyo.

Nikaanza kutafuta kamera. Wewe ulikuwa ndani ya eda ya Baba, hutoki, basi nikawa nakupigia simu nikiwa dukani Mlandege. Muuzaji anasifia megapikseli, mimi nakusomea maelezo, na wewe unauliza neno moja tu: ikikuzwa, nyusi zitaonekana moja moja? Muuzaji alicheka, akaiweka kando ile ya bei kubwa, akanipa kamera ya DSLR iliyotumika na lenzi nzuri ya kupigia sura za watu. Kwa picha ya kusafishwa kubwa, alisema, lenzi ndiyo ya kuigharamia.

Nikaja nayo mbio, ukakataa. Nilikasirika, Mama, wacha niseme. Mwenye eda hajipambi, ukaniambia, na picha ya ukutani mtu hapigwi hivi hivi tu.

"Ngoja ntoke eda. Ntapaka hina, ntavaa ile doti mpya, ndo unpige ushibe."

Nikakubembeleza, nikanuna, nikasusa chakula. Mbishi wewe, tangu zamani. Ulikuwa umekaa unachagua mchele, na mwisho ukanionea huruma.

"Haya, piga mikono. Uso ngoja."

Nikapiga mikono.

Eda hukuimaliza. Homa ilikuja, ikakuchukua imebaki kidogo tu. Doti yako imo kabatini, haijakatwa wala kupindwa. Wanaokuja kunipa pole wanasema uliiheshimu eda na Mungu atakulipa, naitikia amin, lakini moyo wangu haujakubali. Nachukia kwamba nilikusikiliza, na najua ningerudishwa siku ile ningekusikiliza tena.

Leo nimeisafisha, kubwa, kwa karatasi nzuri. Punje za mchele zinahesabika. Kovu la kisu liko pale pale kwenye dole gumba, na kucha zako nyeupe, hazina kitu. Haikuvurugika hata kidogo, kamera tuliichagua vizuri.

Nimesimama mbele yake tangu alasiri. Huyu ndiye, Mama. Ni wewe mpaka kwenye vifundo vya mikono, halafu karatasi inaisha.

Lala, Mungu akurehemu.

Kitindamimba wako