Mstari Uliojichora

Mji wa Ho, Jumapili

Kaka yangu Elikem,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini mgongo wako umepoa na joto la Tema halikusumbui. Sisi hapa tu wazima. Mwanao Yayra, tangu aje likizo, amewapita wasichana wa hapa kwa kucheza ngoma.

Unaijua kazi yangu kwenye kundi la ngoma: taa, moshi na moto wa jukwaani vyote naviongoza kwa kompyuta. Kwenye kioo kila kitu ni kisanduku, nami nachora mistari ya kuviunganisha. Sauti ya ngoma ikiunganishwa na taa, ngoma ikilia taa inawaka. Programu yenyewe ina kiherehere: ukisogeza kisanduku karibu na kingine, inaviunganisha bila kuulizwa. Nilikipenda kiherehere hicho, kilinipunguzia kazi.

Jana alasiri tulikuwa mazoezini. Kisanduku cha moto nilikiweka pembeni peke yake, maana wachezaji walikuwa bado jukwaani. Nikakisukuma kidogo nipate nafasi. Sikuona mstari ukijichora. Kafui, mpiga ngoma wetu, akapiga pigo moja la kujaribu, moto ukaruka juu kuliko mtu.

Kafui alidhani natania. "Mawuena, kwani sisi samaki wa kubanika?" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshauona mstari. Nikaufuta, programu ikachora mwingine, safari hii kutoka kisanduku cha sauti za waimbaji. Nikaiacha kompyuta, nikakimbia kufunga kwa mkono mtungi wa gesi unaolisha moto ule. Kafui aliponitazama usoni aliweka fimbo chini, akauliza polepole, "Kumbe haikuwa utani?"

Kaka, kuna jambo nalizungukazunguka. Aliyekuwa kwenye mdomo wa ule moto ni Yayra wako. Alikuwa ameinama anafunga njuga mguuni. Angekuwa amesimama wima, leo ningekuandikia habari nyingine. Nywele za mbele zimeungua, na nyusi moja. Ngozi haikuguswa, daktari amemwangalia. Yeye anacheka, anasema wa kulazwa ni shangazi.

Mkuu wa kundi anataka moto ubaki, kwa kuwa tamasha ni Jumamosi. Nimeirudisha mitungi, nikamwambia akitaka moto atafute mtu mwingine. Amenuna, hatusemeshani. Yayra ananibembeleza acheze. Mimi nikifumba macho namwona ameinama pale, na pigo la ngoma linakuja. Wewe ndiye baba yake, uamuzi ni wako. Ukisema arudi, nitamleta mwenyewe, unigombeze uso kwa uso.

Msalimie mama. Wifi umwambie taratibu, akiwa amekaa.

Mdogo wako, mwenye hofu bado,
Mawuena