Nimewasema Kaka Zangu Darasani

Jumatatu, jioni. Mvua imekatika lakini ziwa bado la kijivu, na huku kwetu Igogo maji yanateremka katikati ya mawe kama hayana mpango wa kuisha. Nina aibu.

Sikuwahi kudhani somo la Historia na Maadili lingeweza kuniharibia nyumba.

Wiki iliyopita mwalimu alitufundisha utambulisho: mimi ni nani, sisi ni nani, Watanzania ni nani. Swali la taifa lilikuwa rahisi, kila mtu alipayuka: bendera, Kiswahili, twiga, mwingine akataja daraja la Busisi, mwalimu akacheka. La "mimi" ndilo likawa kazi ya nyumbani. Muulize mzazi asili ya jina lako, Jumatatu usimame ueleze.

Sikumuuliza mama. Niliogopa.

Naitwa Shija, na watu wa huku wakilisikia tu wanajua. Kwa Wasukuma pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na mtoto anayewafuata ni Shija. Mama akiulizwa husema nimerithi jina la shangazi wa baba. Ukweli nilipewa na bibi wa Mkolani, kwa kunong'ona, siku moja tunamenya viazi: walikuwepo, wavulana, walifariki wachanga, na mama yako hataki wasemwe. Ndiyo maana alihama kijijini alikoitwa Mama Kulwa, akaja mjini kuwa Mama Shija.

Basi leo nilisimama na jibu la shangazi. Ingekuwa kwa Kiingereza ningelisema bila shida. Shule ya msingi nimesoma kwa Kiingereza, na nikiongea Kiingereza huwa kama namsema mtu mwingine. Lakini somo hili linafundishwa kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili nasikika ni mimi.

"Nimerithi jina la shangazi wa baba," nikasema, nikaanza kukaa.

"Muongo huyo, mwalimu!" Masanja akapiga kelele kutoka nyuma. "Kulwa na Doto wako wapi? We Shija, umewala?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu wetu ni mtu wa Njombe, akauliza hao Kulwa na Doto ni akina nani, wakamweleza wote kwa mpigo. Akanigeukia taratibu, kwa upole. Upole wake ndio ulionimaliza.

"Walikufa," nikasema.

Kisha mwalimu akasema mimi ni jasiri, akaomba nipigiwe makofi. Wakapiga, hata Masanja.

Sasa hili sijamwambia mtu: nilifurahi. Mimi ambaye kengele ikilia husubiri wote watoke ndipo nitoke, nilifurahi kutazamwa. Nikanogewa. Nikaongeza kwamba mpaka leo mama huwa analia peke yake akiwakumbuka. Sijawahi kumwona akilia. Nilitunga.

Neema, mtoto wa jirani, nasoma naye darasa moja. Mimi nilibaki na zamu ya usafi, yeye akatangulia. Nilipofika uani nikamkuta mama yake amemshika mama yangu mkono.

"Pole mwenzangu. Kumbe unalia mwenyewe tu humo ndani na sisi tupo? Pole sana, Mama Kulwa."

"Ahsante," mama akasema.

Nikampa shikamoo Mama Neema, akaniitikia huku ananitazama kwa huruma. Mama hakunitazama kabisa. Jirani alipoondoka, akaendelea kukamua nguo zilizonyeshewa.

"Kwa hiyo nalia," akasema.

"Nisamehe, mama."

"Uliwaambia wanaitwa nani?"

"Kulwa na Doto."

Akalikung'uta shati la baba, akalitundika kambani. "Kulwa na Doto wapo kila nyumba yenye mapacha. Wanangu walibatizwa. Walikuwa na majina yao."

Akaingia ndani.

Siyajui majina hayo. Nimepigiwa makofi kwa ajili ya watu ambao hata sijui waliitwa nani, kaka zangu wa tumbo moja. Na hapa mtandaoni nawasema tena. Angalau hapa hakuna anayeijua nyumba yetu, ila sina uhakika kama hiyo ni sababu au ni kisingizio tu.

Namsikia jikoni. Anaweka sufuria kwa kishindo.

Naacha kuandika, naenda. Msamaha nimeshaomba, siendi kuurudia. Naenda kumuuliza waliitwa nani. Anaweza kunifukuza, na atakuwa na haki.

Akinitajia, hayo sitayaleta hapa.