Nafasi Kando ya Baba

Aparan, 3 Septemba

Kaka Hrant,

Salamu nakupa kwa sababu mama alinilea vizuri. Hatujambo, ila magoti yake yamekataa ngazi. Wewe najua u mzima, maana Samvel, mshika funguo wa kanisa, alikuona umeshuka na watalii, unapiga picha nguzo kana kwamba hukubatizwa pale. Ukafukiza ubani kaburini kwa baba, kisha ukapita mbele ya lango letu! Mama alikuwa uani anachoma pilipili hoho za akiba ya majira ya baridi. Miaka kumi na miwili hajakuona, nawe unasalimia wafu na kuwaruka walio hai. Huna haya?

Dada yako, Zaruhi

Marseille, 20 Septemba

Dada Zaruhi,

Mimi mzima, ingawa hukuuliza. Nilikuja kupiga hodi. Nilianzia kwa baba, kama desturi, nikakuta nini? Sura yangu imechongwa kwenye jiwe lake! Jina, mwaka wa kuzaliwa, kila kitu. Mmenizika na pumzi zangu, na aliyezikwa hapigi hodi. Mwambie mama nashukuru, ila fundi kaniongezea pua.

Kaka yako, Hrant

Aparan, 2 Oktoba

Kaka,

Mama anakohoa, sisi wengine wazima. Mwaka wa kufa uliuona wapi? Hapa mjane huchongwa angali hai, akajitazama kwenye jiwe la mumewe miaka thelathini, wala halii mtu. Ile ni nafasi ya kuzikwa, mpumbavu wewe! Serikali imefunga makaburi ya kanisani ili kuilinda ile misalaba ya mawe ya kale. Ndani ya uzio wa familia yetu tu ndimo imebaki nafasi moja, nayo ilikuwa ya mama. Kakupa wewe. Yeye anataka alazwe makaburi mapya, kando ya barabara ya malori. Nimemlilia, nimemgombeza, hasikii: "Hrant akiikataa, aje aniambie mwenyewe."

Njoo umrudishie. Sikuiti kwa mapenzi, umeshanitoka rohoni.

Dada yako, Zaruhi

Marseille, 9 Novemba

Dada,

Natumaini kikohozi kimepoa. Mimi siamrishwi. Mwite fundi aikwangue sura yangu, nafasi ni ya mama. Pasaka nitapita, mkinitaka.

Kaka yako, Hrant

Aparan, 24 Novemba

Kaka,

Barua yako imefika siku ya saba ya msiba wa mama.

Fundi nilishamwita, sikukungoja. Mama aliposikia, akajikokota mpaka kanisani kwa magoti yaleyale, akalifunika jiwe kwa mwili wake. Fundi akabaki kashika patasi, machozi yanamtoka. Mama akasema, "Mtoto asiyerudi akiwa hai, siku moja ataletwa. Mwachieni pa kuletwa."

Basi tumemzika kando ya barabara, kama alivyotaka. Nafasi yako ipo, na pua yako ipo.

Kwangu usipite. Ukija, anzia kwa mama, kama desturi. Ubani lete mwingi, malori yakipita hupeperusha moshi wote.

Dada yako, Zaruhi