Bwawa Lililojaa

Hayes, London, 14 Mei 1997

Kaka Jotham,

Habari za Tooting, na mgongo umepata nafuu? Mimi na Nekesa tu wazima. Naandika kwa sababu zamu zetu za kazi hazikutani hata kwa simu.

Kesi ya lile bwawa la kuogelea la umma itasikizwa tarehe tatu Julai. Unakumbuka ile Pasaka: meneja alituambia limejaa watu, kisha akawafungulia Wazungu watano waliokuwa nyuma yetu. Wakili anasema sheria iko upande wetu, ila shahidi ni wewe peke yako. Nakutegemea.

Dadako,
Tatiana

Tooting, 2 Juni 1997

Mdogo wangu Tatiana,

Salamu nyingi. Mgongo ni ule ule wa kizee.

Nina habari njema. Meneja wa bwawa alikuja hapa nyumbani mwenyewe, na keki mkononi. Nikampikia chai ya maziwa, akanywa vikombe viwili, akaomba radhi. Unajua kwetu Bungoma: kaka mkubwa akishaombwa radhi, shauri limekwisha. Nimeipokea kwa niaba yako na kutia sahihi karatasi yake. Nekesa akaogelee siku yoyote.

Kakako,
Jotham

Hayes, 4 Julai 1997

Kaka,

Natumaini u mzima.

Karatasi yako ilisomwa mahakamani jana: kwamba bwawa lilikuwa limejaa kweli, na dada yako alielewa vibaya. Kesi imetupwa. Nekesa, na miaka yake minane, ameniuliza kama ni Mjomba aliyesema sisi waongo.

Usinipigie simu.

Tatiana

Tooting, 9 Novemba 2003

Mdogo wangu,

Hujambo? Nekesa je?

Hii ni barua yangu ya sita. Katika zile za kwanza nilisingizia Kiingereza changu. Niliisoma ile karatasi, Tatiana. Niliona imeandikwa limejaa. Nikaona aibu kumbishia mgeni aliyekwisha kunywa chai yangu, nikajiambia utanielewa. Nimejuta miaka yote hii. Nimemtuma Mama akuombe radhi, maana mimi nakuogopa.

Kakako,
Jotham

Hayes, 1 Desemba 2003

Jotham,

Sisi wazima.

Mama amepiga simu. Anasema amekwisha kukusamehe kwa niaba yangu. Ninyi hamjifunzi.

Nekesa ana miaka kumi na minne na hajui kuogelea. Darasa lao likienda bwawani, yeye anaumwa tumbo. Jumapili tukitoka kanisani tutakuwa nyumbani. Njoo mwenyewe. Usianze na mimi. Anza na yeye, umwambie nafasi ilikuwapo.

Chai nitapika mimi.

Dadako,
Tatiana