Siku Niliyosomewa Talaka Yangu

Makambako, Jumatano, mwezi wa saba

Baridi ya leo haina adabu. Umande umeganda juu ya majani ya viazi, na maji ya kwenye pipa nimeyavunja kwa mchi. Maharage yako motoni tangu alfajiri na hayaoneshi dalili ya kuiva, kwa hiyo nina nafasi ya kuandika. Macho yamenivimba. Nimewaambia wenzangu wa jikoni hapa kambini ni moshi, nao wakajifanya wameamini.

Jana nilikwenda Njombe kutafuta karatasi ya talaka yangu.

Nimeipata. Laiti nisingeipata.

Nianze mwanzo, maana nikianzia mwisho nitalia tena na maharage yataungua. Zakaria, seremala wa hapa Makambako aliyefiwa na mkewe, ameniomba tuoane kanisani. Ni mtu mpole, ananukia mbao, na hajawahi kuniuliza kwa nini nimekaa peke yangu miaka tisa. Nilikubali. Mchungaji naye akafurahi, ila akasema hawezi kututangaza kanisani kabla sijamletea karatasi ya baraza inayoonesha kwamba yule mume wa kwanza, Luka, aliachana nami kihalali. Hakusema kwa ubaya. Nami nikaona ni jambo dogo. Nitakwenda, nitaandikiwa, nitarudi.

Luka nilimpenda, niseme ukweli. Alikuwa Mkinga, kwao huko ng'ambo ya Ikonda, yatima asiye na ndugu wa karibu. Alikuja Matembwe kwetu kupasua mbao, akamwomba baba binti yake, akatoa ng'ombe kwa jasho lake mwenyewe. Tukapata mtoto, Damari. Mtoto alipoanza kutambaa, Luka akaenda Tanga kukata mkonge kama wanaume wote wa huku wanavyokwenda. Miezi ya kwanza ilikuja salamu. Halafu kimya. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia, kimya.

Baba akasema hawezi kuona binti yake akikaa kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba. Akaenda barazani Njombe kufungua shauri. Siku ya shauri lenyewe alivaa koti lake la Jumapili, akaniambia hakuna haja ya mimi kwenda, nibaki nipalilie viazi. Nikapalilia. Alirudi jioni ya siku ya pili, ameshapitia kwenye pombe ya ulanzi, akakaa juu ya kigogo cha mlangoni, akasema maneno ambayo nimeishi nayo miaka tisa: "Hakuja. Baraza limekuachisha. Msahau."

Nikamsahau kwa hasira. Wapo wanaosahau kwa upole, mimi sikujaliwa.

Sasa, jana. Nilipanda lori la pareto asubuhi, nikafika Njombe vidole vimekufa ganzi. Karani wa baraza ni kijana nadhifu, tai shingoni, kalamu mbili mfukoni. Akaniuliza jina. Nikamwambia Ana. Akauliza mwaka, nikamtajia. Akafungua kabati, akatoa daftari la mashauri lenye harufu ya panya, akapekua. Hakuna Ana. Akatoa la mwaka uliotangulia, na la mwaka uliofuata. Hakuna Ana. Jua likapanda, watu wakajaa kwenye benchi, na yule kijana akafunga daftari kwa adabu zote akaniambia kwamba kwa mujibu wa vitabu vyake mimi sijaachika.

Benchi zima likacheka. Nikamwambia kama sijaachika basi anioneshe na huyo mume, nimemtafuta siku nyingi. Wakacheka zaidi. Niliiona ndoa yangu na Zakaria ikiondoka hivi hivi, kwa sababu ya kijana na daftari.

Aliyeniokoa ni tarishi mzee aliyekuwa anaota jua mlangoni. Hakuinua hata kichwa. Aliuliza, "Mahari yako alipokea nani?"

Nikasema baba. Akamwambia karani atafute jina la baba.

Kumbe ndivyo. Mwanamke haandikwi. Shauri ni la aliyetoa mahari na aliyepokea, mmoja mdai na mwingine mdaiwa, na mke yumo katikati bila jina. Mimi niliyesoma shule ya misheni, ninayewaandikia barua wanawake wote wa hapa kambini, haikunijia akilini hata mara moja kwamba katika talaka yangu mwenyewe jina langu halipo. Ukurasa ukaonekana pale pale. Jina la baba, jina la Luka, na chini yake mimi: binti wa mdai.

Nikashusha pumzi. Nikasema asante Mungu, imekwisha.

Karani akaanza kunisomea ili nihakikishe ndilo shauri lenyewe. Alisoma harakaharaka, kama mtu anayesoma matangazo. Baba alisema hivi na hivi, mkwe ametoroka, hana salamu, binti anateseka. Nikawa naitikia kwa kichwa. Halafu akasoma, "Mdaiwa akasimama, akasema."

Nikamwambia arudie hapo.

Akarudia. Mdaiwa akasimama. Luka alisimama. Alikuja.

Nimeshayajua maneno yale kwa moyo, lakini nayaandika ili yawepo na hapa. Luka alisema: Mimi simkatai mke wangu. Nilichomwa na mwiba wa mkonge jichoni, nikalazwa hospitali muda mrefu, jicho likafa, na hilo la pili lilikuwa limefungwa pia, sikuweza kutuma neno. Nilipopata habari ya shauri hili niliomba ruhusa, na ruhusa yangu inakwisha kesho kutwa. Nimekuja kumchukua mke wangu na mtoto.

Na baba yangu, aliyenibeba mgongoni nilipokuwa na surua, akajibu mbele ya wazee kwamba binti yake amesema hamtaki. Kwamba hataki hata kumwona. Kwamba mtoto hamjui.

Mimi sikusema. Nilikuwa napalilia viazi.

Wazee wa baraza wakamuuliza Luka anasemaje. Hapo karani alipunguza mwendo, nadhani aliniona uso. Luka alisema: "Kama ni yeye aliyesema, basi. Ng'ombe wasirudishwe, wabaki ili Damari anywe maziwa. Naomba niwe naletewa habari za mtoto."

Kwetu mwanamume akiacha mahari yake palipo, anasema jambo moja tu: mtoto ni wangu, sijamwacha. Kila mtu barazani alilielewa. Baba alilielewa kuliko wote. Akarudi nyumbani akaniambia hakuja, na wale ng'ombe waliobaki zizini akasema baraza limewazuia kwa kosa la Luka la kututelekeza. Nami niliwakamua kila siku, huku namlaani mwenye nao.

Karani akaniuliza taratibu kama anaweza kunakili hukumu peke yake, maana Mchungaji anahitaji hukumu tu, yale maneno mengine hayana lazima. Alikusudia kunionea huruma.

"Niandikie yote," nikamwambia.

Akaandika yote, karatasi mbili, akapiga muhuri. Tarishi mzee alinisindikiza hadi barabarani, akaniaga. Labda alikuwepo siku ile. Sikuthubutu kumuuliza jicho la Luka lilikuwa likoje.

Baba tumemzika mwaka juzi. Nililia sana, nikatoa nguo zangu nzuri zimfunike. Sasa nimgombeze nani? Njia nzima ndani ya lori nilikuwa nagombana naye kimoyomoyo, nami ndiye niliyekuwa nikimjibia. Mara namwambia alitaka ng'ombe. Mara namjibia kwamba aliogopa Luka, kipofu nusu, atanipeleka Tanga nikafie huko kambini na mjukuu wake. Mara namwambia alitaka mikono yangu shambani. Sijui. Alinipenda, hilo najua, na alinidanganya, hilo nalo nimelipigiwa muhuri. Yote mawili yako ndani yangu na hayataki kukaa pamoja.

Lakini si hilo lililonivimbisha macho.

Damari alikufa masika yaliyofuata baada ya shauri. Kifua. Siku nne tu. Hiyo ni habari ya zamani, nimeshaililia na watu wanajua. Wasilolijua ni hili, na sijawahi kuliandika: siku tulipomzika, nilifurahi jambo moja. Nilifurahi kwamba baba yake hayupo. Nilisema moyoni, hastahili hata kumlilia. Mzee mmoja wa kanisa aliniuliza kama tupeleke habari Tanga, wanaume wanaokwenda ni wengi. Nikamkatalia. Nikasema aliyetuacha hana msiba hapa.

Hiyo haikuwa ya baba. Hiyo ni yangu mwenyewe.

Baada ya hapo ndipo nilipokuja Makambako na kupata kazi hii, kuwapikia wanaume wanaolala kambini wakienda au wakirudi mashamba ya mkonge. Miaka ya mwanzo kila foleni ya chakula nilikuwa nawatazama usoni mmoja mmoja. Nilikuwa nimemwandalia Luka matusi, nimeyapanga vizuri, la kwanza mpaka la mwisho. Hakutokea. Sasa najua angetokea ningeuliza kwanza huyu mwenye jicho moja ni nani.

Na kila wiki, jamani, kila wiki malori yanaondoka hapa mlangoni pangu kwenda huko aliko. Ningeweza kutuma neno mara mia. Yeye aliomba habari za mtoto mbele ya baraza zima. Huenda kuna mtu amemwambia. Huenda hajaambiwa, na mpaka leo anahesabu Damari ana umri gani, kimo gani, kama anasoma.

Jana jioni Zakaria alikuwa ananingoja niliposhuka kwenye lori, ameshika blanketi. Akauliza kama nimeipata. Nikasema nimeipata. Alifurahi mpaka akavua kofia. Sikumpa aisome. Nilimwambia nimechoka, akanifunika mabegani, akanisindikiza, akaniaga. Mtu mwema hivi, nami nimemficha karatasi mbili ndani ya Biblia.

Nimeshaamua, na ninaandika hapa ili nisijigeuze. Nitampa Zakaria azisome zote mbili, si hukumu tu. Akishazisoma, kama bado ananitaka, tutakwenda wote kwa Mchungaji. Simkimbilii Luka. Miaka tisa ni mingi, naye aliniacha kwa sababu aliambiwa nimemkataa, huenda ana mke na watoto, na namwombea awe nao. Lakini siwezi kusimama kanisani nikiwa bado nimeshika kitu cha mtu.

Kwa hiyo barua kwanza.

Kesho alfajiri linaondoka kundi la watu thelathini kwenda Korogwe. Mnyapara wao ni Mkinga, analijua shamba lililotajwa kwenye shauri, na amesema mzee mmoja mwenye jicho moja yuko huko, analinda ghala. Mzee! Luka ni mkubwa kwangu kwa miaka minne tu. Sijui kama ndiye. Nimemwambia barua itakuwa tayari jioni hii.

Nina karatasi moja na nimeshakaa mbele yake tangu maharage yaanze kuchemka. Tatizo ni hili: Luka hajui kusoma. Atasomewa na mtu, karani wa shamba au kijana yeyote atakayekuwa karibu, kama mimi nilivyosomewa jana. Mtu atakayesoma harakaharaka. Kwa hiyo siwezi kuandika yaliyo moyoni, mpaka niandike maneno ambayo hata yakisomwa vibaya na mtu baki yatamfikia yeye peke yake.

Nimeandika kamwene, salamu ya kwetu, na jina lake. Nimeandika kwamba sikusema simtaki, kwamba siku ile sikuwepo, nilikuwa shambani na sikuambiwa. Nimeandika kwamba habari aliyoomba imechelewa na kosa la kuchelewa ni langu. Halafu nikakwama, nikaenda kukoroga maharage, nikarudi, nikakwama tena. Neno lenyewe ni fupi, mtoto wa shule analiandika. Mkono haukutaka.

Mwisho nimeandika hivi, na sitalibadilisha:

Ng'ombe zako niliwakamua mimi mwenyewe, na Damari alikunywa maziwa yao asubuhi na jioni, mpaka siku aliposhindwa kumeza.